Milango ya Bomba Mbili

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sheria inakataza jina hilo kutamkwa au kuandikwa na mtu aliyekaa. Mimi naandika nimekaa kwa sababu ya goti. Kwa hiyo mtanisamehe nikisema nchi yetu tu. Wenyeji mtaelewa, na wageni hamtapungukiwa na kitu.

Kwanza ieleweke kwamba nchi yetu inawapenda wasanii. Anayesema haiwapendi ni mchochezi, na arudishwe alikotoka hata kama alitoka hapa hapa. Tuna Wizara nzima ya Utamaduni, Furaha na Viwanja vya Mpira, na humo msanii hupandishwa vyeo kama askari. Anaanza na cheo cha Chipukizi. Akionyesha nidhamu anakuwa Mwenye Majani. Juu kabisa kuna Mwenye Kivuli, na mpaka sasa tunaye mmoja tu, shemeji yake Mlezi Mkuu wa nchi, ambaye huchora picha za Mlezi Mkuu wa nchi. Chipukizi mkongwe kuliko wote ana mvi mpaka za nyusi na anatembelea mkongojo. Wizara inasema bado anaangaliwa anavyokua.

Siwema naye alikuwa Chipukizi. Nilimfahamu kwa sababu ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa karakana yake, ghala la zamani la kiwanda cha sabuni ambalo mvua ikinyesha sakafu yake hutoa povu. Nilishamshitaki kwa mjumbe wa mtaa zaidi ya mara moja. Asubuhi anagonga chuma, mchana anakwangua mbao, alasiri cherehani inalia, na jioni unasikia umati wa watu wanaongea mle ndani, wanawake kwa wanaume, ukichungulia unamkuta yuko peke yake na kinasa sauti chake. Sasa huyo ni msanii gani? Mchoraji achore, mshonaji ashone. Wahenga walishasema mshika mbili moja humponyoka, na yeye alikuwa ameshika nne au tano, na cha kuudhi ni kwamba hata moja haikumponyoka.

Kazi yake ilikuwa milango.

Labda niwaeleze kuhusu Bomba Mbili. Ulikuwa mtaa nyuma ya stesheni ya reli, ukabomolewa ili kujenga Uwanja wa Shukrani. Samahani, nimeteleza. Serikali ilikwisha kufafanua kwamba pale hapajawahi kukaa mtu. Palikuwa pori la mbigili, na matingatinga yalikwenda kufyeka mbigili. Kama mbigili zile zilikuwa na vitanda, masufuria na sare za shule zimeanikwa, hilo ni suala la kitaalamu na sisi si wataalamu.

Siwema alizaliwa katika mbigili hizo. Mama yake, Bi. Havijawa, alifariki muda mfupi baada ya ufyekaji, nyumbani kwa watu, juu ya mkeka wa kuazima. Walipokwenda kuandikisha kifo, karani alitafuta Bomba Mbili katika orodha ya mitaa, hakuiona, akaandika kwamba marehemu hakuwa na makazi. Mwanamke aliyedeki nyumba yake kila siku ya maisha yake akazikwa kama mtu wa kulala barazani. Tangu hapo Siwema alitaka jambo moja tu, na alimwambia kila aliyesimama kumsikiliza: serikali itamke kwamba mama yake alikuwa na nyumba.

Kabla mama hajafariki, na kabla majirani hawajatawanyika, Siwema alikuwa amewazungukia wote na kile kinasa sauti akawauliza swali moja: "Mtu akikupigia hodi kwako, ulikuwa unamjibuje?" Kisha akaenda kwenye kifusi akaokota milango. Akaikwangua rangi tabaka kwa tabaka mpaka ikaonekana kila rangi iliyowahi kupakwa. Akaichomelea fremu za chuma isimame yenyewe, akaitia bawaba, akaishonea mapazia kwa nguo kuukuu za wenyewe, na ndani ya kila mlango akaficha spika ndogo. Ukisimama mbele ya mlango ukasema hodi, mwenyewe anakuitikia.

"Karibu, ila chai imekwisha!"

"Nani? Sema jina kwanza!"

"Pita, mbwa kafungwa."

Na mlango wa kijani, kwa sauti ya mama mtu mzima anayeinuka kwenye kazi: "Karibu mwanangu. Vua viatu, nimedeki."

Siku moja nilikwenda kulalamikia kelele, nikaupigia hodi mlango ule kwa kujaribu tu. Nikajikuta nimevua viatu.

*

Mambo yangeishia hapo, lakini wafadhili wetu wa ng'ambo walitangaza kwamba msaada wa mwaka huu utategemea kuona msanii chipukizi mmoja, anayefanya sanaa za aina mbalimbali, akifanya kazi kwa uhuru. Wizara ilihangaika. Chipukizi tulikuwa nao tele, na uhuru unaweza kuandaliwa kwa siku moja, lakini sanaa za aina mbalimbali ndani ya mtu mmoja hazikuwa na idara.

Kamati ikaundwa. Mimi niliteuliwa kuwa Mwakilishi wa Wananchi kwa sababu kamati ilipofika mtaani nilikutwa nimekaa.

Katibu wa Wizara, Bwana Mahanyu, mtu mpole anayenong'ona hata akiomba maji, alimwuliza Siwema, "Dada yangu, wewe uko idara gani? Ya Rangi, ya Chuma, ya Vitambaa au ya Sauti?"

"Sina idara, kaka. Natengeneza milango."

"Milango ni Wizara ya Ujenzi."

"Basi nipelekeni huko."

"Huko hawana wafadhili."

Baada ya kushauriana, karakana ikagawanywa kwa chokaa. Pembe hii Rangi, pembe ile Chuma, dirishani Vitambaa, karibu na choo Sauti. Kila pembe ikaletewa ofisa wake na kiti chake. Siwema akiwa kwenye Rangi haruhusiwi kushika waya mpaka anawe mikono, avuke mstari, asalimiane na ofisa wa Sauti na kumweleza amekuja kufanya nini. Mlango mmoja ulichukua siku nzima, kwa kuwa ubao wake ulikuwa Rangi, bawaba zake Chuma, na pazia lake likipeperuka kidogo linavuka mpaka. Ofisa wa Vitambaa alikuwa akilifuata na kulirudisha.

"Mtaniua," alisema Siwema, amekaa juu ya mstari wa chokaa, kichwa kimeegemea magoti.

"Ukifa juu ya mstari utatuletea mgogoro," alisema ofisa wa Chuma. "Sogea huku au kule."

*

Ilipofika zamu ya kukagua maana ya kazi, Mheshimiwa Waziri Ndekwa alikuja mwenyewe. Ni mtu mnene wa sauti, akisalimia unadhani anahutubia. Aliizunguka milango mikono nyuma, kisha akasema:

"Naona fursa! Naona milango ya maendeleo ambayo Mlezi Mkuu ameifungua, anaifungua, na ataendelea kuifungua, hata ile ambayo haikuwa imefungwa! Binti, umetafsiri vema maono ya nchi!"

"Ni milango ya Bomba Mbili, Mheshimiwa," alisema Siwema.

Kamati nzima ikatazama chini. Mimi nilitazama goti langu.

Bwana Mahanyu akanong'ona, "Hakuna tatizo, Mheshimiwa. Bomba Mbili haijawahi kuwepo. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kuikosoa serikali."

Waziri akafarijika. Akapendezwa zaidi na mlango wa kijani, kwa sababu kijani ni rangi ya chama, akaamuru huo uwe wa kwanza siku Mlezi Mkuu atakapokuja kufungua maonyesho. Kisha akasema hodi.

"Karibu mwanangu. Vua viatu, nimedeki."

Waziri alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji. "Nani anamvua viatu Mlezi Mkuu?"

"Ni mama yangu," alisema Siwema. "Alikuwa anamwambia kila mtu."

"Mlezi Mkuu si kila mtu!"

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu, lakini maazimio yake ni mafupi. Kwanza, Katiba inasema nchi yote ni nyumba ya Mlezi Mkuu, na mtu hapigi hodi kwake. Kwa hiyo atateuliwa Mpiga Hodi wa Taifa, atakayepiga kwa niaba. Pili, majibu yote yatarekodiwa upya na mtangazaji wa redio ya serikali, nayo yatakuwa jibu moja: "Karibu, Mlezi Mkuu, usivue viatu." Tatu, Siwema akitoa ushirikiano, atapandishwa kuwa Mwenye Majani na kupewa karakana isiyovuja maisha yake yote. Asipotoa, milango ni mbao, na jiko la bwalo la Wizara lina upungufu wa kuni.

Siwema alisimama pale akaitazama milango yake, mmoja mmoja. "Jibu la mama niachieni," alisema. "Hayo mengine nitawaomba radhi wenyewe. La mama nalitaka. Sina jingine."

"Litahifadhiwa na taifa," alisema Bwana Mahanyu kwa upole, na maofisa wakabeba kinasa sauti na kila kitu chenye waya.

Taifa lililihifadhi namna hii: mtangazaji alipofika studio, kwenye kanda hapakuwa na mahali patupu pa kurekodia, ikabidi arekodi juu ya yaliyokuwemo.

Siwema aliambiwa hilo asubuhi iliyofuata na ofisa wa Sauti, aliyekuwa anakula andazi. Nilisikia yote kupitia ukuta. Nimewahi kulalamikia kelele zote za karakana ile, lakini siku hiyo sikwenda kwa mjumbe. Kilio kile kiliniuma, na sioni haya kusema hivyo. Alikuwa anamwita mama yake kama mtoto aliyepotea sokoni.

*

Siku ya ufunguzi Uwanja wa Shukrani ulipambwa kuliko harusi. Bwana Mahanyu alikuwa amemwachia Siwema aipange milango mwenyewe, kwa kuwa kupanga ni kazi ya mikono. Naye aliipanga. Wageni waliona milango imesimama ovyo ovyo, mmoja hapa, mwingine kule, mwingine umeupa mgongo wa kwanza. Lakini wale watu wa Bomba Mbili, walioletwa kwa malori kuja kushangilia, walipoingia uwanjani walisahau kushangilia. Niliwaona wakitembea taratibu, kila mmoja akienda moja kwa moja kusimama karibu na mlango wake, mahali pale pale ulipokuwa kabla ya ufyekaji. Bi. Staha, ambaye aliwahi kuwa jirani wa ukuta mmoja na Bi. Havijawa, alikung'uta vumbi kwenye kizingiti ambacho hakikuwepo.

Waziri alihutubia. Alisema sanaa ni kioo, na kioo kizuri ni kile kinachojua nani amesimama mbele yake. Wafadhili walipiga makofi baada ya kutafsiriwa. Mlezi Mkuu akasogea mbele ya mlango wa kijani. Nyuma ya mlango aliwekwa Siwema, ameshika trei yenye mkasi wa kukatia utepe, ili Mlezi akishaingia akutane na msanii chipukizi akifanya kazi kwa uhuru.

Mpiga Hodi wa Taifa akasafisha koo. "Hodi!"

Kimya.

Umeme wote wa mji ulikuwa umepelekwa kwenye tao la taa za kumlaki Mlezi Mkuu, ambalo kwa kuwa ilikuwa mchana kweupe hakuna aliyeona kama linawaka. Spika hazikuwa na hata chembe. Fundi alitazama nyaya, Waziri alimtazama fundi, na Bwana Mahanyu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alinong'ona kwa nguvu, "Siwema! Itika basi! Itika wewe!"

Wote tulimsikia, na wote tulijua ana haki. Mwenye nyumba akifa, mtoto ndiye anayeitika. Neno moja tu, karibu, na angekuwa Mwenye Majani, na karakana isiyovuja, na amani mpaka mwisho wa siku zake. Mapazia yalikuwa yanapepea na mimi nilikuwa upande wa pembeni, nilimwona uso. Midomo ilikuwa imeshafunguka. Akaifunga.

"Hodi!" Mara ya pili, sauti imepwaya.

"Hodi," mara ya tatu, karibu kwa kuomba.

Sasa, hata mtoto mdogo wa nchi yetu anajua kwamba ukipiga hodi tatu bila kuitikiwa, unageuka unaondoka. Hakuna dini wala kabila linalobisha. Lakini Mlezi Mkuu hakuwa amekutana na mlango wowote usioitika tangu ashike madaraka. Hakujua kinachofuata. Akausukuma, akaingia.

"Mwizi!" akapiga kelele Bi. Staha.

Hakukusudia, naapa hakukusudia. Mtaa wao uliibiwa sana, na mdomo ulizoea. Lakini Bomba Mbili nzima ilikuwa imezoea hivyo hivyo, na kabla akili haijafika, umati wote ulikuwa umeitikia, wanawake wamejishika vichwa: "Mwizi! Mwiziii!"

Walinzi wetu wamefunzwa vizuri. Wakisikia neno hilo hukimbilia ndani ya mlango kumkamata aliyeko. Walikimbia, wakafika, wakasimama. Ndani ya mlango walikuwepo watu wawili. Mlezi Mkuu hawezi kuwa mwizi, hilo liko kwenye Katiba. Wakamkamata Siwema.

*

Redio ilitangaza kwamba wananchi wenye macho makali walimwona mwizi, wakapaza sauti, naye akakamatwa mbele ya Mlezi Mkuu, ambaye hakutetereka. Ilikuwa taarifa nzuri. Tatizo lilikuja mahakamani, kwa sababu mwizi akishatangazwa lazima ashitakiwe, na trei na mkasi vilikuwa mali ya Wizara na havikutoka mahali pake. Mwendesha mashitaka akaamua shitaka liwe kuvunja nyumba na kuingia.

"Nyumba ipi?" aliuliza hakimu, mzee mkavu anayependa mambo yake yanyooke.

Mwendesha mashitaka alipekua makaratasi, akatoka nje kupiga simu Wizarani, akarudi anajifuta jasho. "Mheshimiwa, nimeelekezwa kwamba, kwa madhumuni ya shauri hili tu, na kwa muda wa tukio tu, nyumba ilikuwepo."

"Ya nani?"

"Ya marehemu Bi. Havijawa, Mheshimiwa."

"Mtaa gani?"

Aliyatazama tena makaratasi yake. "Bomba Mbili."

Kulikuwa na watu wengi wa mtaa ule kwenye mabenchi. Wote waliinama mbele wasikie vizuri.

Wakili aliyepewa na serikali, kijana msafi sana, alimwinamia Siwema kizimbani. Nilikuwa mstari wa mbele kwa ajili ya goti langu, nikasikia yote.

"Dada, umeshinda," alisema. "Sema hapakuwa na nyumba. Serikali yenyewe imelisema miaka yote, ushahidi wote uko upande wetu. Bila nyumba hakuna kosa. Leo hii unalala kwako."

"Kwangu wapi?"

"Karakana si ipo? Mimi nakuombea uhuru, dada, usiniletee maswali."

Siwema aliitazama mikono yake. Bado ilikuwa na rangi ya kijani kwenye kucha.

"Na nikikubali kosa?"

"Ukikubali kosa? Hakimu ataandika hukumu kama ulivyoshitakiwa, neno kwa neno, ataisoma hadharani, na utafungwa. Usithubutu."

Hakimu aliuliza, "Mshitakiwa, ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa," alisema Siwema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mabenchi ya nyuma. "Niliingia katika nyumba ya mama yangu."

Wakili alijishika kichwa. Mwendesha mashitaka alisimama kutaka kuondoa shitaka, akakaa, akasimama tena. Lakini hakimu alikuwa ameshaanza kuandika, na mzee yule akishashika kalamu haachi njiani. Alipomaliza alivaa miwani akasoma, polepole, kwa jina la Jamhuri:

"Mahakama inamtia hatiani mshitakiwa Siwema kwa kosa la kuvunja na kuingia katika nyumba ya Bi. Havijawa, iliyopo mtaa wa Bomba Mbili. Atatumikia kifungo cha miaka miwili."

Siwema alikuwa analia na anacheka kwa pamoja. "Naomba uirudie, Mheshimiwa," alisema. "Hapo kwenye nyumba."

Hakimu alimtazama juu ya miwani, akairudia.

Askari walipokuwa wanamfunga pingu, Bi. Staha aliinuka kwenye benchi, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda mpaka mbele ya kizimba.

"Mheshimiwa," alisema, "na mimi nimekuja kukiri. Nilivunja nyumba."

"Ya nani?" aliuliza hakimu.

"Yangu mwenyewe. Bomba Mbili, ukuta mmoja na nyumba ya Bi. Havijawa. Ilikuwa na vyumba viwili na uani nilipanda mchaichai. Andika na mchaichai."

Nyuma yake, watu walikuwa wameshaanza kupanga mstari.